Mutoto ni Mali: Familia za Pamba za Ankoro na Hesabu ya Watoto

Kwetu katika bonde la Lualaba neno "mali" linafanya kazi mbili. Ni vitu vya mtu: mbuzi, kinga, mabati ya nyumba, nyavu za samaki. Tena ni ile mali ambayo ukoo wa kijana unapeleka kwa ukoo wa msichana ili ndoa isimame. Kwa hiyo mtu wa Ankoro akisema "mutoto ni mali", anayemsikiliza asidhani amesema jambo moja tu. Wageni wengi walidhani hivyo. Wale wa zamani waliandika kwamba mkulima mweusi anazaa ili apate wafanyakazi wa bure. Wale wa siku hizi wanaandika kwamba anazaa kwa sababu hajui kuhesabu. Sisi tunaona kwamba familia zetu za shamba zilihesabu sana, tena kwa uangalifu, ila hesabu yao haikuwa ile ya kampani, wala si ile ya semina. Ndiyo hesabu tunayotaka kuifuata katika kurasa hizi.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu: Ankoro iko pale ambapo mto Luvua unaingia katika Lualaba, ndani ya teritwari ya Manono, katika jimbo la Tanganyika ambalo makao yake ni Kalemie tangu mwaka 2015 majimbo yalipogawanywa. Watu wengi wa hapa ni Baluba, na ukoo wao unafuata baba. Ukienda kwa Bahemba wa Kongolo, au kwa Batabwa wa kando ya ziwa, unakuta ukoo unafuata mama, na hapo hesabu ya watoto inageuka, maana mtoto anakuwa wa wajomba. Hilo tunaliachia wenzetu waliandikie.

Tuanze mbali kidogo. Ukipanda na Lualaba kuelekea kusini unafika ziwa Kisale, ambako kuna makaburi ya Sanga. Wataalamu walianza kuyachimba mwaka 1957, wakakuta watu waliozikwa miaka elfu moja iliyopita pamoja na vyungu, shaba na mapambo. Katika makaburi ya watoto vyungu vilifinyangwa kwa kipimo cha mtoto: mdogo kapewa vidogo, mkubwa kapewa vikubwa zaidi. Mfinyanzi aliketi akatengeneza chungu ambacho hakuna mtu angekipikia, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwahi kulima hata tuta moja. Sisi si wataalamu wa mambo ya kale, lakini mtu akituambia kwamba thamani ya mtoto kwetu ilianzia shambani, tunamwelekeza Sanga.

Baadaye zikaja nyakati mbaya. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita huku, mingine ikitoka upande wa pwani ya mashariki, mingine ikifuata nguvu ya Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891. Ukoo wenye watu wachache ulikuwa ukoo wa kumezwa. Kesi ya damu au ya deni iliweza kumalizwa kwa kutoa mtu, na mara nyingi aliyetolewa alikuwa msichana au mtoto asiye na wa kumtetea. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukafuata ugonjwa wa usingizi kando ya mito na maziwa, na vijiji vizima vikabaki magofu. Basi walipofika wazungu wa pamba, walikuta watu ambao tayari walikuwa wamejifunza kwamba ukoo ni watu, na watu wanaisha upesi.

Tunasema "wazungu wa pamba", lakini lazima tueleze, maana Ankoro haikuwa na shamba moja kubwa la tajiri kama mashamba ya mkonge kule Tanga. Kule Tanga mtu aliacha familia mbali, akaja peke yake, akapewa kipande na kazi ya kukata majani. Walimwita manamba kwa sababu ya namba yake, na mtoto wake hakuonekana popote katika daftari. Kwetu ilikuwa kinyume. Shamba la kampani lilitawanywa nyumba kwa nyumba. Ardhi ilikuwa ya ukoo, jembe lilikuwa la mtu mwenyewe, njaa nayo ilikuwa yake. Zao tu ndilo lilikuwa na mwenyewe mwingine.

Sheria ya kulazimisha kilimo ilitoka mwaka 1917. Mwaka 1920 ikazaliwa Cotonco, kampani kubwa kuliko zote za pamba katika Kongo ya Wabelgiji, na tangu mwaka 1921 nchi ikagawanywa katika maeneo, kila eneo na kampani yake iliyopewa ruhusa peke yake ya kununua. Kaskazini ya Katanga, upande wa Kongolo, Kabalo na sehemu za huku kwetu, iliingia katika mpango huo. Bei ilipangwa na serikali kabla mtu hajaweka kikapu chake juu ya mizani. Amri ya mwaka 1933 iliruhusu kumtumikisha mwanakijiji siku 60 kwa mwaka kwa kazi za lazima, na mwaka 1942, wakati wa vita vya dunia, zikawa siku 120. Asiyelima alijua jela na chikoti.

Katika daftari la serikali palikuwa na neno moja ambalo liliendesha maisha yote ya kijiji: "mwanamume mzima mwenye nguvu". Huyo ndiye aliyehesabiwa. Agronomu au kapita alipima shamba kwa kamba, akaliandika kwa jina la huyo mwanamume. Mke hakuandikwa. Watoto hawakuandikwa. Lakini nani hajui pamba inavyolimwa? Kufyeka, kulima matuta, kupanda wakati wa mvua, kupunguza miche, kupalilia mara mbili na mara tatu, kuvuna kiangazi punje kwa punje huku ganda kavu likichoma vidole, kuanika, kuchagua nyeupe na kutenga ile iliyoingia madoa, kubeba vikapu mpaka soko la pamba, kisha kung'oa mashina yote na kuyachoma ili wadudu wasibaki. Mwanamume mmoja hawezi. Jina lilikuwa lake, mgongo ulikuwa wa nyumba nzima.

Watoto walifanya nini? Wale wa miaka 7 au 8 walikaa kwenye mkeka kuchagua pamba, maana vidole vyao ni vidogo na macho yao hayachoki. Wavulana walibeba, wakang'oa mashina. Lakini kazi kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ile ambayo hakuna agronomu aliyeiona kuwa kazi: msichana wa miaka 7 kufunga mdogo wake mgongoni tangu asubuhi mpaka jua lielemee, ili mama apate kupalilia. Na jioni msichana huyohuyo anachota maji, anatoa muhogo uliolowekwa, anasaidia kutwanga. Pamba ilikula siku za mtama na ulezi, ndiyo maana muhogo ukashika nafasi, kwa sababu muhogo unavumilia, unamngojea mwenyewe ardhini mpaka apate nafasi. Bukari tunayoila leo imechanganyika na historia hiyo. Ukitaka kujua mtoto wa kike alikuwa na thamani gani katika nyumba ya pamba, usiangalie alichovuna yeye. Angalia mama yake alivuna nini kwa sababu yeye alikuwepo.

Hapa wale waliosema "wanazaa kwa ajili ya wafanyakazi" wanaonekana wamepata haki yao. Tusiwanyime. Nyumba yenye wake wawili na watoto wengi ilimaliza shamba lake mapema, na wanaume fulani walioa mke wa pili pamba ikiwa sababu mojawapo. Lakini tufanye hesabu yenyewe mpaka mwisho, kama wazee walivyoifanya. Mtoto mpaka miaka 6 au 7 anakula tu. Kuanzia hapo mpaka miaka 16 hivi anasaidia. Akifika 16 au 18, msichana anaolewa na kwenda kulima shamba la watu wengine; mvulana naye anaandikwa katika daftari kama mwanamume mzima mwenye nguvu, anapimiwa shamba lake, anadaiwa kodi yake. Siku hiyo aliyoandikwa ndiyo siku baba yake alipoteza mikono yake. Ndiyo maana siku za kuhesabu watu vijana wengi walikuwa "hawapo", wamekwenda kuvua samaki, au umri wao ulikuwa haupandi. Kama hakuna asiyeandikwa, anaweza kukimbilia machimbo ya bati ya Géomines kule Manono, au kupanda meli ya mto mpaka Bukama na kuendelea na reli kwenda Lubumbashi, iliyoitwa wakati ule Élisabethville. Kwa hiyo mikono ya mtoto ilikuwa ya miaka tisa au kumi tu. Kuzaa watoto wanane, kuwazika watatu, kulea watano, kwa faida ya miaka kumi ya kila mmoja: mfanyabiashara angecheka. Kama thamani ya mtoto ingekuwa mikono tu, wazee wetu wangenunua mbuzi.

Tukitaja machimbo, tuone na upande wa ndugu aliyekwenda. Union Minière ilianza mwaka 1928 siasa ya kukalisha wafanyakazi pamoja na wake zao karibu na kazi. Katika kambi zake mke na watoto walipewa posho, mama mjamzito alipimwa, mtoto alipewa maziwa, na kila uzazi uliandikwa kwa furaha, kwa sababu mtoto wa kambi alitazamwa kama mfanyakazi wa kesho ambaye hatahitaji kutafutwa vijijini. Mtu wa kambi alipozaa, kampani iliongeza chakula. Mtu wa pamba alipozaa, alipunguza sahani. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja kambini, mmoja Ankoro, walizaa wote wawili, na hesabu zao za chakula hazikufanana hata kidogo. Tunadhani jambo hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba chakula na kazi havielezi yote.

Tena kuna kichekesho ambacho vijana wetu hawakijui. Siku hizo wakubwa wa koloni hawakulalamika kwamba tunazaa sana. Walilia kwamba tunazaa kidogo. Waliogopa kwamba Kongo itakosa watu wa kufanya kazi. Katanga ilipata tangu mwaka 1925 shirika la kulinda watoto weusi, na huduma za wajawazito zikaenea. Mwanamume mwenye mke mmoja na watoto wanne walio hai aliachiliwa kodi, huku mwenye wake wengi akiongezewa kodi kwa ajili ya wake hao. Amri ya mwaka 1950 ikakataza ndoa mpya za wake wengi. Na desturi ambayo ilishutumiwa kwa nguvu ilikuwa ile ya bibi zetu ya kutenganisha uzazi: mama anayenyonyesha hakurudi kitandani mwa mumewe mpaka mtoto atembee na kuacha ziwa, miaka miwili, pengine mitatu. Wazungu waliona desturi hiyo inachelewesha kuongezeka kwa watu, na wengine wao wakataka akina mama waachishe mapema. Leo hii wajukuu wa akina mama hao wanaitwa kwenye mkutano chini ya mwembe kufundishwa, kama jambo jipya, kwamba ni vizuri kutenganisha uzazi kwa miaka miwili au zaidi.

Basi kama si mikono, ni nini? Tuseme kwa lugha ya nyumbani: ni kubaki. Mtoto ni yule anayebaki nyuma yako na jina. Kwa Baluba mtoto anapewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia, na jina hilo halitupwi hovyo. Linatafutwa, na mtoto akilia sana usiku wazee wanauliza kama hawakukosea jina. Mtu anayebeba jina la babu, hata kama bado ananyonya, baba yake anaweza kumsalimia kwa heshima ya baba. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyeishi na Baluba wa Katanga na kutoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, aliliona jambo hili: kwamba kwa watu hawa uzima ni nguvu inayopita kutoka kwa aliyekufa kwenda kwa aliye hai na kwa atakayezaliwa, na mtu asiyeacha mtoto anaogopa kukatika. Tunaweza kubishana na Tempels katika mengi, na Waafrika wasomi wamebishana naye kweli. Lakini jambo hili hakulitoa kichwani. Na miaka ya 1950, alipoanzisha Jamaa na wafanyakazi wa Kolwezi, mafundisho yao yalisimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Walioyashika walikuwa watu wa kambi za migodi, wengi wao wana wa wakulima. Hawakuhitaji mtu wa kuwafafanulia neno la pili.

Ndiyo sababu kwetu mwanamke hupoteza jina lake siku anapozaa. Anakuwa Mama Ilunga, Mama Kalala. Akizaa mapacha, Kyungu na Kabange, heshima inapanda na hofu pia inapanda, na nyimbo za mapacha zinatukana mbele ya wakwe bila aibu. Asiyezaa anabaki na jina la usichana mpaka uzee. Hapa tusifiche: desturi hii ni nzuri kwa aliyezaa na ni kali kwa asiyezaa. Katika nyumba ya pamba mwanamke asiye na mtoto alipalilia mistari ileile, akabeba vikapu vilevile, tena bila msichana wa kumsaidia, na bado kwenye baraza la ukoo maneno yake yalikuwa mepesi. Mume alioa mwingine, na mara nyingine ukoo wake ulidaiwa kurudisha mali. Hakuna aliyeuliza kama shida ilitoka kwa mume. Uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu uliofanyika Kongo mwaka 1955 mpaka 1957 ulionyesha kwamba maeneo fulani ya nchi, hasa Uele na Tshuapa, yalikuwa na wanawake wengi mno wasiozaa kabisa, na wataalamu wameyaunganisha hayo na magonjwa ya zinaa, ambayo mwanamume anayasafirisha sawasawa na mwanamke. Uchawi ulishtakiwa kwa kosa la kisonono.

Dawa ya ukoo kwa uchungu huo ilikuwa kupeana watoto. Dada wa baba asiyezaa anapewa mtoto wa kaka yake, anamlea, anaitwa mama. Bibi mjane anapewa mjukuu wa kumchotea maji. Tunasifu desturi hii, na kweli imeokoa wengi, hasa baada ya vita. Ila wenye macho wanajua kwamba mtoto aliyepelekwa "kulelewa" alikuwa mara nyingine wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Kipimo cha wazee kilikuwa wazi: je, anakula sahani moja na watoto wa nyumba? Mahali ambapo jibu lilikuwa hapana, baba mzazi alikuwa na haki ya kwenda kumchukua, hata kama aliyempeleka ni shangazi mwenyewe.

Kuhusu ile mali ya ndoa tutasema kwa ufupi, maana imekwisha andikwa sana. Zamani ilikuwa majembe, vitambaa, bunduki, mbuzi. Wakati wa pamba ikageuka franga. Mali iliyotoka kwa ndoa ya dada ndiyo iliyomwoza kaka yake. Kwa hiyo mvulana alikuwa na deni kwa dada fulani anayejulikana kwa jina, na watoto wa dada huyo walikuwa na haki ya kuingia nyumbani kwa mjomba na kufungua chungu bila kuomba. Nyumba yenye wavulana watupu ilikuwa na shida, na nyumba yenye wasichana watupu ilikuwa na shida nyingine. Ukisikia wazee wanataka "wengi", sikiliza vizuri: walitaka mchanganyiko, na katika nchi ambako vifo vya watoto vilikuwa vya kawaida, mchanganyiko haupatikani kwa watatu.

Kisha pamba ikaanguka. Mwaka 1960 Katanga ilijitenga, Baluba wa kaskazini wakakataa, vita vikapita Manono, Kabalo na vijiji vyetu, na mashamba yakaota majani. Serikali ya Zaire ilijaribu kuinua pamba kwa ofisi ya taifa ya nyuzi, Onafitex, ambayo ilivunjwa mwaka 1978. Kiwanda cha Filtisaf kule Kalemie, kilichokuwa kikisokota na kufuma vitambaa, kimenyamaza kwa miaka mingi. Familia zikabaki na muhogo, karanga, mahindi, michikichi na samaki, bila kampani ya kuwapima, na bila soko pia.

Wakati huohuo sauti kutoka juu ikageuka. Mwishoni mwa mwaka 1972 rais Mobutu alizungumza juu ya uzazi unaotakiwa, yaani kuzaa kwa kupanga, na kamati ya taifa ikaundwa mwaka uliofuata. Ni mwaka huohuo wa 1972 ambapo Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda, alitoa kitabu juu ya mradi wa Wamarekani wa kupunguza uzazi katika vijiji vya Punjabi kule India. Alieleza kwamba mkulima maskini hazai wengi kwa ujinga. Bila watoto hana kibarua, hana akiba, hana fimbo ya uzee. Miaka minne baadaye John Caldwell, aliyefanya utafiti Nigeria, akaweka jambo hili kwa namna nyingine: uliza mali inatiririka kwenda wapi. Ikitoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi, watu watazaa wengi. Ikianza kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, watapunguza. Tunawaheshimu wote wawili, na Caldwell amegusa kitu ambacho Ankoro inakijua. Lakini yeye aliona kama mto unaogeuka. Kwetu mto haukugeuka. Ulifanya matawi.

Kilichofanya matawi hayo ni shule. Shule za misheni zilikuwepo tangu zamani, na baba wa pamba alimtoa mtoto mmoja kwenda huko kama mtu anayetupa ndoano. Lakini tangu miaka ya 1980 na 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi ndio waliobeba mishahara hiyo: minervali, na juu yake prime ya mwalimu. Familia ya watoto saba haikuweza. Ndipo lilipoanza lile baraza la jioni ambalo halikuwepo wakati wa pamba: nani asome? Shambani wote walikuwa na kazi. Mbele ya minervali mmoja anachaguliwa, na ndugu zake wanalima ili asome. Mara nyingi aliyechaguliwa ni mvulana mkubwa, na mara nyingi, tuseme kweli, ni mali ya dada yake aliyeolewa mapema iliyolipa vidato vyake vya mwisho. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inakataza ndoa kabla ya miaka 18, na marekebisho ya sheria ya familia ya mwaka 2016 yamekazia hilo. Sheria hizo zimefika kwetu, lakini hazikufika na pesa ya minervali mkononi. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo Septemba 2019, vyumba vya madarasa vilijaa mpaka madirishani. Hatukuhitaji uthibitisho mwingine kwamba wazazi walitaka wote wasome.

Katikati ya hayo vita vilirudi. Novemba 2002 mapigano ya jeshi na Mai-Mai yaliteketeza maelfu ya nyumba za Ankoro, na watu wengi wakauawa. Vikundi vya silaha navyo viligundua kile ambacho kampani ilikijua zamani, kwamba mtoto ana mikono. Tangu 2013 ugomvi wa Baluba na Batwa ukafukuza familia nyingi za teritwari za Manono, Kabalo na Nyunzu mpaka kambi za wakimbizi. Waliopoteza watoto wakati huo hatuwezi kuwasimamisha na kuwauliza kwa nini wamezaa tena.

Takwimu za taifa zinaonyesha mabadiliko ya polepole. Mwaka 2013 na 2014 mwanamke wa Kongo alihesabiwa kuzaa wastani wa watoto 6.6, na kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 104 hawakufika miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2017 na 2018 ulipata wastani wa 6.2, na vifo 70. Kwa maoni yetu, namba ya vifo ndiyo inayoivuta ile nyingine. Mama ambaye ameona watoto wake watano wote wakivuka ujoto na surua anaanza mwenyewe kusema "inatosha", na shida yake inakuwa mume na mama mkwe, ambao bado wanahesabu kwa hesabu ya wakati wa vifo.

Na yule kijana aliyechaguliwa? Amemaliza, amepata diploma, amepata kazi ya ualimu au ya kuandika katika ofisi, Manono au Kalemie. Ameoa akiwa amechelewa, maana mshahara wa kwanza ulikuwa tayari una wenyewe. Anasema hadharani kwamba yeye na mke wake wanataka watoto wawili au watatu tu, na mpima wa takwimu akija anaandika wawili. Lakini nyumbani mwake wanalala pia wadogo zake wawili wanaosoma sekondari, mtoto wa kaka aliyebaki kulima, binti wa dada yule ambaye mali yake ililipa vidato, na mtoto mmoja wa shangazi aliyeletwa wakati wa vita na hakurudi tena. Wote wanakula sahani moja. Binti wa dada akitaka ada hatumi barua. Anakuja kuketi karibu na mjomba na kumwambia tu ni kiasi gani.